Vyuma vya Mashimo ya Michungwa

Kwa miaka 27 kazi yangu ilikuwa kuandika lebo. Nilikuwa karani wa ghala la vipuri katika kiwanda kimoja cha Tanga, na hapakuwa na bolti, beringi wala ukanda wa mashine ulioingia au kutoka bila kuandikiwa tarehe, rafu na matumizi yake. Nalitaja hili mwanzoni kwa sababu nilipostaafu na kuanza kulima, nilitenda jambo ambalo ghalani ningemtolea kibarua wangu barua ya onyo: nilikusanya vitu visivyojulikana, nikavirundika mahali pamoja, na sikuandika chochote.

Shamba langu lina ekari tano, liko wilayani Muheza, katika eneo lililokuwa sehemu ya shamba kubwa la mkonge na baadaye likagawiwa wanakijiji. Kwa wasioijua historia ya upande wetu, inatosha kusema kwamba mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na kati ya miche elfu moja aliyoagiza kutoka Florida ilifika hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo michache mkoa mzima ulifunikwa na mistari ya mkonge, reli, mabwawa, kambi na viwanda vya kusindika. Kisha ukaja utaifishaji baada ya Azimio la Arusha la 1967, zikaja kamba za plastiki zilizoua soko, na mashamba mengi yakaachwa yakawa pori. Udongo wenyewe ulibaki na kila kilichoangushwa humo.

Nilikusudia kupanda michungwa, kama wafanyavyo wengi Muheza. Shimo la mchungwa tulilichimba kwa upana wa sentimita 60 na kina kama hicho, na kwa ekari tano hayo ni mashimo mengi. Katika wiki ya kwanza tu vijana walionisaidia walitoa vyuma vilivyojaza toroli. Vingi vilikuwa vimevimba kwa kutu hata havikuwa na umbo, vingine vilikuwa vizito kuliko ukubwa wake, na vichache viling'aa kijani pale sururu ilipovikwaruza. Nilielekeza vyote viwekwe chini ya mwembe, nikajiambia kwamba nitavitazama nikipata nafasi.

Nafasi ilipopatikana, kila kimoja kilikuwa kimekwisha kupoteza nusu ya habari zake. Kipande cha chuma kilichotoka kando ya kijito na kilichotoka kilimani penye misingi ya saruji vilikuwa vimelala bega kwa bega, na vijana wangu, walipoulizwa kipi kilitoka wapi, walitazamana.

Chuma cha kwanza nilichojaribu kukitambua kilikuwa kipana kama kiganja, kirefu kama mkono kutoka bega hadi vidole, kimekunjwa kingo zake kama mfereji wa bati uliogeuzwa, na kwa juu kilikuwa na vishikizo viwili viwili. Jirani yangu alisema ni kipande cha boriti ya daraja. Mwingine, mwenye duka, alisema ni sehemu ya mtego wa tembo, na alilisema kwa uhakika mkubwa sana. Mimi nilidhani ni taruma la reli, yaani kile kipande kinacholazwa chini kuzishika reli mbili, lakini taruma la reli ya Tanga hadi Moshi nalijua, nimelikalia mara nyingi nikisubiri treni, na hili lilikuwa dogo mno.

Jibu lilitoka kwenye futi ya fundi cherehani, ambayo mke wangu aliileta baada ya kuchoka kunisikiliza. Tulipima nafasi kati ya jozi moja ya vishikizo na nyingine, yaani mahali ambapo reli mbili zingekaa, tukapata takriban sentimita 60. Reli ya Usambara, iliyoanza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893, ina upana wa mita moja. Reli ya Sigi, iliyojengwa kwa ajili ya magogo ya Usambara Mashariki, ilikuwa na sentimita 75. Sentimita 60 ni kipimo cha reli ndogo za mashambani, zile zilizobeba vitoroli vya majani ya mkonge kutoka kwa wakataji hadi kiwandani. Kwa hiyo lilikuwa taruma kweli, ila la reli nyingine.

Hapo nilifurahi, nikaharakisha, na haraka yenyewe ilinipoteza. Nilichukua kijiti na kuanza kukisia mahali ambapo njia ya reli ilipita shambani kwangu, nikikumbuka kwa kubahatisha kwamba mataruma mawili yalitoka karibu na mpaka wa kaskazini. Nilimchorea hata mjukuu wangu ramani. Baadaye nilifahamishwa kwamba sehemu kubwa ya reli za namna hii haikuwa ya kudumu: vipande vya reli viliunganishwa na mataruma yake vikawa kama ngazi, na wafanyakazi walivibeba mabegani kuvihamishia mahali mkonge ulipokuwa ukikatwa msimu ule. Taruma moja peke yake chini ya mchungwa linathibitisha kwamba mtu aliliacha pale, basi. Ili kusema reli ilipita, ningehitaji kuona mataruma kadhaa yamelala katika mstari, yakiwa na nafasi zinazolingana, ndani ya udongo. Pengine yalikuwa yamelala hivyo. Vijana wangu waliyang'oa na mimi nikayauza.

Ndiyo, niliyauza. Mnunuzi wa vyuma chakavu alipita na mkokoteni, nami nikampa mataruma yote pamoja na vipande vya reli na gurudumu moja dogo lililovunjika. Katika gurudumu hilo palikuwa na herufi zilizoinuka, nami nilizisoma wakati linapakiwa: PPEL, na kabla yake palikuwa pamevunjika. Miezi mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba huko Berlin kulikuwa na kampuni iliyotengeneza reli na mabehewa ya mashamba, iliyoanzishwa mwaka 1876 na Benno Orenstein na Arthur Koppel. Kwamba wawili hao waligawana biashara, Koppel akafanya kazi kwa jina lake peke yake hasa katika nchi za nje, na kampuni zikaungana tena mwaka 1909. Jina la Koppel likisimama peke yake huelekeza kabla ya muungano huo, na majina mawili yakiandamana hufungua uwezekano wa miaka mingi zaidi. Kipande ambacho kingetenganisha mawili hayo huenda kilikuwa bado shimoni.

Kilichofuata kilinitoa usingizi kwa siku tatu, kwa kuwa kilikuwa cha manjano. Kilitoka katika shimo la karibu na kijito, kirefu kama kidole cha kati na nusu, kinene kama vidole viwili, upande mmoja kimevunjika, upande mwingine kina tundu la bolti. Kutu yake ilikuwa ya kijani hafifu, na pale jembe lilipokigonga paling'aa. Habari ilisambaa kijijini kabla ya jua kutua. Upande wetu, neno "mali ya Mjerumani" halihitaji ushahidi. Kila jiwe lenye umbo la ajabu lina mtu wa kuapa kwamba babu yake aliwaona Wajerumani wakizika masanduku chini yake. Walikuja watu wawili kutoka mjini wakiwa na mashine ya kutambua metali, nami nikawakatalia. Usiku wa pili waliingia bila ruhusa, wakachimba mashimo manane yenye kina cha mtu, wakaondoka. Sijui walichopata, ila najua kwamba pembe ile ya shamba haisomeki tena, kwa sababu udongo wa juu na wa chini umechanganywa kama ugali na mboga.

Mimi nilikwenda dukani na chupa ya mtoto ya kunyonyeshea, ile yenye alama za mililita. Mizani ya mwenye duka ilionyesha gramu 408. Kisha nilijaza maji hadi alama ya 100, nikakishusha kile kipande taratibu kwa uzi, na maji yakapanda hadi chini kidogo ya alama ya 150, tulikadiria 148. Kwa maana hiyo kipande kilichukua nafasi ya mililita 48, na 408 ukigawa kwa 48 unapata 8.5. Dhahabu safi ina gramu zaidi ya 19 kwa kila mililita, kwa hiyo kipande cha gramu 408 kingepandisha maji kwa mililita 21 tu. Hesabu ya 8.5 ni ya shaba njano au jamii yake. Niliwaeleza waliokuwepo. Mwenye duka alisema chupa yangu ni ya Kichina.

Basi haikuwa dhahabu, lakini ilikuwa nini? Nilikipeleka kwa mzee mmoja anayeishi iliyokuwa kambi ya wafanyakazi. Yeye ni Muha wa Kasulu, alikuja Tanga kijana akiwa manamba, yaani kibarua wa mkataba, akapanda hadi kuwa fundi msaidizi kiwandani, na hakurudi kwao. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka akichambua choroko.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, bwana karani. Umeniletea ile dhahabu?"

Nilimpa. Hakuitazama kwanza. Alipitisha ukucha wa kidole gumba kwenye ukingo wake mmoja, taratibu, kutoka mwisho hadi mwisho, kisha akafanya hivyo tena huku amefumba macho.

"Hiki ni kisu cha ngoma ya korona," alisema.

Nilimjibu kwamba kisu gani hiki kisicho na makali. Alicheka hata choroko zikamwagika. "Kisu cha korona hakikati, bwana karani. Kinaparua. Ungekitia makali, kingekata nyuzi, na tajiri angekufukuza siku hiyo hiyo."

Korona ndiyo mashine kubwa ya kuchakata mkonge, na wazee wa mashambani huitaja kwa jina hilo kama vile tunavyotaja treni. Alinieleza kwamba majani huingia kwa upana, yameshikwa katikati na minyororo au kamba, ngoma yenye visu butu huzunguka kwa kasi ikiparua nyama ya jani huku maji yakimwagika, na kinachobaki ni singa nyeupe, ambazo hazizidi sana sehemu nne katika mia za uzito wa jani. Zilizobaki zote ni makapi na maji. Utomvu wa mkonge una ukali wa asidi. Ukiachwa juu ya chuma cha kawaida hukila, na ukimwagika mwilini humwasha mtu. Kwa sababu hiyo, alisema, visu walivyovitumia wao vilikuwa vya shaba, na vilipokwisha ukingo viligeuzwa, kisha vikatupwa.

Mara moja kila kitu kilikaa mahali pake. Shimo lile lilikuwa karibu na kijito, na kiwanda cha mkonge hakiwezi kuwa mbali na maji. Misingi ya saruji iliyoko mita chache juu yake, ambayo nilikuwa nimeidhania ni ya nyumba, ina boliti nne nne zilizosimama, na hakuna nyumba inayofungwa kwa boliti sakafuni. Udongo wa hapo ni mweusi kuliko kwingine, labda kutokana na makapi yaliyooza miaka na miaka. Kisu kile kilitambulika kwa sababu hicho pekee ndicho nilichokumbuka hasa mahali kilipotoka; kelele za dhahabu ndizo zilizonifanya nikumbuke.

Kuhusu boliti zenyewe nilijikwaa tena. Nilipima uzi wa mojawapo, nikapata mizunguko 12 katika inchi moja, boliti ikiwa na unene wa nusu inchi. Hicho ni kipimo cha Whitworth, cha Kiingereza, nikaandika daftarini (wakati huo nilikuwa nimeanza kuandika) kwamba kiwanda kilijengwa wakati wa Waingereza. Fundi mmoja mstaafu wa karakana ya reli alinisahihisha kwa upole: viwanda vya Ujerumani navyo vilitumia uzi wa Whitworth kwa miongo mingi, kwa hiyo inchi hazimtambulishi Mwingereza. Niliufuta mstari ule. Boliti zimebaki kuwa boliti.

Sarafu ndiyo inayoniuma zaidi. Aliiokota mjukuu wangu katika udongo uliomwagwa kando ya shimo, nyeusi, ndogo, nyembamba. Nilifanya kile ambacho kila mtu hufanya: nilichukua limau na majivu, nikaisugua hadi ikawa nyekundu kama sufuria mpya. Iliyong'aa mkononi mwangu ilikuwa na taji hafifu upande mmoja na shada la majani upande wa pili, na ndani ya shada tarakimu 1 na neno HELLER likionekana kama limeandikwa kwa maji. Chini ya taji, mahali pa mwaka, palisomeka 190, na tarakimu ya mwisho ilikuwa imekwenda na limau.

Heller ilianza kutumika Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1904, pale rupia ilipogawanywa katika heller 100 badala ya pesa 64 za awali. Sisi tunaishi na sarafu hizo zote mbili mdomoni bila kufikiri: pesa ni ile ya kwanza, na hela ni hiyo ya pili, ijapokuwa wenyewe Wajerumani waliondoka zamani. Tarakimu niliyoifuta ingeniambia kwamba udongo ule ulikuwa haujafukiwa kabla ya mwaka fulani, na kila kilicholala juu yake kingepata mwanzo wa umri wake. Kutu nyeusi au ya kijani juu ya shaba mara nyingi ndiyo iliyohifadhi maandishi. Asidi ya limau huiondoa kutu pamoja na ngozi iliyobeba herufi. Siku hizi sarafu ikitoka naiweka ndani ya karatasi kavu, na udongo ukishakauka naupangusa kwa brashi laini ya mswaki. Ikiwa haisomeki baada ya hapo, nangoja mwanga wa jioni, naiinamisha upande upande, na mara nyingi kivuli huzisoma herufi kuliko macho ya mchana.

Magamba ya risasi yalinifundisha habari ya mahali kwa namna nyingine. Watoto wa jirani walikuwa wakiyapuliza kama filimbi, kumi na moja, yote yametoka, walisema, "kule juu". Niliyapima kwa rula: milimita 56 kwa urefu, yana ukingo uliotokeza kwenye kitako. Kwenye kitako cha machache palisomeka K na F zikiwa na mshale katikati. Mshale ule ulikuwa alama ya mali ya serikali ya Uingereza, na herufi hizo ni za kiwanda cha Kirkee, India; hizi ni risasi za bunduki ya Kiingereza ya .303. Askari wengi wa upande wa Wajerumani walianza vita wakiwa na bunduki za zamani za Mauser za mwaka 1871, zenye risasi nene za milimita 11 na moshi mwingi, na mtu akiziona hawezi kuzichanganya na hizi. Majeshi kutoka India yalipigana na kushindwa Tanga mwanzoni mwa Novemba 1914, na Waingereza waliuteka mji huo tarehe 7 Julai 1916 baada ya kuteremka kwa kufuata reli na bonde la Pangani. Magamba yangu huenda ni ya mwaka huo. Huenda pia ni ya mwindaji au mlinzi wa shamba wa miaka ya thelathini, kwa kuwa bunduki hizo zilitumika muda mrefu sana baadaye. Kama magamba kumi na moja yalilala pamoja katika nafasi ya mkeka mmoja, ni mtu aliyelala hapo akipiga mfululizo. Kama yalitawanyika ekari nzima, ni habari nyingine kabisa. "Kule juu" hakutoshi.

Kuna kitu kimoja ambacho sikukipima wala kukisafisha. Kijana mmoja alifukua mwisho wa kitu cha mviringo, kinene kama chupa ya chai, chenye mkanda wa shaba nyekundu uliokizunguka karibu na kitako. Mkanda kama huo huwekwa kwenye kombora la mzinga ili lishike mikunjo ya ndani ya mtutu, na sikuwa nahitaji kujua zaidi. Niliwaondoa watu, nikaweka matawi kuzunguka, nikamwita mtendaji wa kijiji, naye akawaita polisi. Waliokuja kukichukua walisema kilikuwa gamba tupu, la aina inayomwaga risasi za mviringo angani. Hapo nilizikumbuka goroli za madini ya risasi ambazo jirani yangu mwenye ndugu Pangani alikuwa ameziokota nyingi, akampelekea ndugu yake zikawa chubwi za mshipi. Wapo walionicheka kwa kuita polisi kwa ajili ya gamba tupu. Mwezi Novemba 2017, wilayani Ngara, bomu lililookotwa likidhaniwa ni chuma chakavu liliua wanafunzi wa shule ya msingi. Waendelee kunicheka.

Nimekiacha mwisho kile ambacho hakuna aliyekishangaa. Upande wa mashariki wa shamba, penye mteremko wa kuelekea kijito cha pili, mashimo yalitoa mabonge meusi, mazito, yenye vitundu kama mkate, mengine yana mikunjo kama uji uliomwagika ukaganda. Vijana waliyaita mawe ya volkano. Sumaku niliyoitoa kwenye spika mbovu iliyashika kidogo, hapa na pale, isiyashike mengine. Nilikuwa na njia yenye tope, nikayatumia kuijaza. Nilijaza mikokoteni mitatu, nikashindilia, nikajipongeza.

Mwanafunzi mmoja wa akiolojia wa chuo kikuu, aliyekuja kijijini kwa shughuli nyingine, alipita njia ile, akasimama, akachuchumaa. Aliokota bonge moja, akaligeuza, akaniuliza kama nilipata pia vipande vya udongo vilivyoungua, vyenye tundu katikati, mfano wa bomba. Nilivipata. Nilidhani ni vigae vya mabomba ya maji ya Mjerumani, navyo vilikuwa vimeshindiliwa njiani pamoja na mabonge.

Mabonge yale ni mavi ya chuma, yaani uchafu uliojitenga na chuma wakati mawe au mchanga wenye chuma ulipoyeyushwa tanuruni, na vile vipande vya bomba ni kewa, mdomo wa udongo ulioingiza upepo wa mivukuto motoni. Kimoja kilikuwa na ncha iliyogeuka kuwa kama kioo cha kijani kwa ajili ya joto. Alinichukua hadi kijitoni, akaniomba sumaku, akaiburuta kwenye mchanga mweusi wa ukingoni, ikatoka na ndevu. Wahunzi wa Upare, alisema, walikuwa wakikusanya mchanga wa namna hiyo, na ukoo wa Washana ulijulikana kwa kazi hiyo vizazi na vizazi. Kazi yenyewe katika pwani na bara la karibu ni ya kale kuliko Mjerumani, kuliko Mwarabu wa Pangani, kuliko misikiti ya mawe: huko Limbo, kusini mwa Dar es Salaam, Profesa Felix Chami alichimbua mavi ya chuma mengi ya karne za mwanzo baada ya Kristo. Ya kwangu hayawezi kupewa umri kwa kutazamwa tu. Yangehitaji mkaa uliobaki katika tabaka lake, na vigae vya vyungu vilivyolala pamoja nayo, yaani vitu vile ambavyo toroli langu lilivichanganya.

Nilimwuliza kama nimevunja sheria. Alinieleza kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa na watu kabla ya mwaka 1863, na anayevigundua anapaswa kutoa taarifa. Kwamba visu vya korona na mataruma havimo, ila tanuru la kale limo. Tuliandika taarifa pamoja siku hiyo, nami nikaipeleka kwa mtendaji. Sehemu ile ya mashariki haijapandwa mchungwa hata mmoja. Mke wangu huiita "shamba la wahenga", na anapoiita hivyo huwa anahesabu machungwa ambayo hatukuvuna.

Sasa kuna meza chini ya mwembe, na juu yake makopo ya maziwa ya unga yenye namba. Kijana anapogonga chuma, husimamisha sururu na kuniita. Tunapima kina kutoka juu kwa fimbo iliyotiwa alama, tunahesabu mstari na shimo, tunaangalia udongo uliokigusa una rangi gani, na kama kuna mkaa, kigae au chuma kingine karibu, kinaingia kopo hilo hilo. Picha hupigwa kikiwa bado chini. Baada ya hapo ndipo kinapotoka, na ndipo sumaku, rula na chupa ya mtoto zinapofanya kazi. Mzee wangu wa kambini huja Ijumaa baada ya swala, hukalishwa kwenye kiti chenye mto, na hupewa kopo moja moja.

Kopo namba 31 lina pete ya chuma iliyofuliwa kwa nyundo, si ya kusubu, kwa sababu haina mstari wa kiolezo na unene wake unapanda na kushuka chini ya kidole. Ina meno matatu yanayoelekea ndani, moja limevunjika zamani, maana kutu ya mvunjiko ni sawa na ya mahali pengine. Fundi wa reli alisema si ya reli. Yule mwanafunzi alitumiwa picha, akajibu kwamba angependa kuiona mwenyewe. Mzee aliishika muda mrefu, akainusa, akaivisha kwenye mkongojo wake kuona kama itatulia, ikateleza.

"Hii siijui, bwana karani," alisema akinirudishia. "Umeandika ilipotoka?"

Nilimsomea lebo: mstari wa 9, shimo la 4, kina sentimita 40, udongo mwekundu, kigae kimoja kisicho na nakshi, hakuna mkaa.

"Na jina?"

"Sijaandika."

"Liache hivyo hivyo," alisema, akaomba kopo namba 32.